Kura ya Povu

"Umeuza kiwanda?"

Povu hakusalimia. Miaka kumi na mmoja ya kupika sabuni pale ndiyo iliyombandika jina hilo. Akamsogezea Msimamizi simu. Msimamizi huyo alikuwa mchumba wake, na mtoto wa mwenye kiwanda. Ujumbe wa kwenda kwa mnunuzi wa ng'ambo ulimfikia Povu kwa makosa: "Njooni mchukue mitambo. Mzee atakubali, namjua."

"Nisikilize, mpenzi. Kisiwa hiki hakina mbele wala nyuma. Tutahamia ng'ambo, tuanze maisha."

"Nani alikuambia nataka kuhama?"

"Nilidhani..."

"Watu ishirini na wawili tunakula hapa! Tunazungumza na baba yako tukinunue wenyewe, nawe unakaa nasi vikaoni, unaitikia kwa kichwa."

Msimamizi aliinamisha uso.

"Niliogopa. Nikaona utaolewa na kiwanda, si na mimi."

"Ungesema unaogopa, ningekaa nawe. Kunizunguka, hapana. Uchumba umeisha."

Jioni ile Msimamizi alimweleza baba yake yote, bila kujitetea.

"Mimi nilinunua mitambo tu, mwanangu," mzee akasema. "Sabuni wamepika wao. Mpigie mtu wako, umwambie hakuna biashara."

Akapiga, mzee akisikia. Mwezi uliofuata kiwanda kikawa cha wafanyakazi.

Povu hakupokea simu za Msimamizi tena. Siku moja ukaingia ujumbe wake: "Siombi unirudie. Naomba kazi."

Povu alikaa na ujumbe huo mchana kutwa, kisha akajibu: "Kazi haiombwi kwangu. Waombe wenye kiwanda, wote."

Msimamizi akaja. Akasimama katikati ya miche ya sabuni inayokauka, mbele ya macho ya watu wote ishirini na wawili.

"Niliwauza huku nawachekea," akasema. "Nimekosa. Nipeni hata kuosha mapipa."

"Ukiosha vibaya tutakufukuza," akasema mkata miche, bibi mmoja asiyecheka ovyo.

"Sawa, mama."

"Wanaomkubali?" katibu akauliza.

Mikono ikapanda mmoja mmoja, wa yule bibi ukiwa wa mwisho. Ya Povu ilibaki mapajani. Katibu akamgeukia.

"Dada, unampinga?"

"Simpingi."

"Basi mbona hupigi kura?"

"Kanuni tumeandika wenyewe. Ndugu wa mwombaji hapigi kura."

"Ndugu? Tangu lini?"

Povu akamtazama Msimamizi, machozi yakimlengalenga.

"Tarehe ya harusi mtapewa."