Miwani ya Fundi Mkubwa

Kibanda cha kushonea kilikuwa kimebaki vile vile mama alivyokiacha. Mkasi ulining'inia msumarini. Chaki ilikaa kikoponi. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa palepale, chini ya dirisha.

Enzi zake, mama aliitwa Fundi Mkubwa. Binti yake, aliyekuwa akiokota vifungo sakafuni, aliitwa Fundi Mdogo. Sasa binti ana wajukuu, mama ni marehemu, lakini jina halijambanduka.

Kila asubuhi Fundi Mdogo alitoa miwani ya mama mezani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulifungwa uzi mwekundu, na mama ndiye aliyeufunga. Aliivaa, akakanyaga cherehani, akasikia mlio ule ule wa utotoni. Jamani, raha gani ile! Ilikuwa kama mama yupo.

Lakini raha haikudumu. Kabla ya adhuhuri kichwa kilimgonga na kichefuchefu kikampanda. Mara nyingine alitoka mbio kwenda kutapika.

"Isije ikawa tuna mgeni njiani," mumewe alimtania.

"Toka hapa! Kwa umri huu? Mgeni huyo kapotea njia!"

Walicheka, lakini ugonjwa haukucheka nao. Hospitali walimpima malaria, hakuna. Tumbo nalo halikuwa na kidonda. Akaacha maharage, wapi! Mume akadhani ni harufu ya mafuta ya cherehani, akanunua mengine. Wapi!

Siku moja Fundi Mdogo akasema, "Mume wangu, nauza cherehani."

"Ya mama?"

"Ya mama. Kila nikikaa pale naugua. Pengine hataki nikalie kiti chake." Akalia kama mtoto.

Kesho yake jirani yao, nesi, alileta gauni la kazi lipanuliwe kiuno. "Nimenenepa, usiniulize," alisema. Akamkuta Fundi Mdogo ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Pole, shoga. Hiki kichefuchefu kinakuanza wakati gani?"

"Nikishona."

"Na siku usiposhona?"

"Buheri wa afya. Nacheza na wajukuu mpaka wanachoka wao."

Nesi akatazama huku na huku. Macho yakatua kwenye miwani. Akaijaribu. "Mama wee! Mbona sakafu inapanda?" Akaivua upesi. "Ulipimiwa wewe hii?"

"Ni ya mama. Bila hiyo tundu la sindano silioni."

"Shoga, utanishonea gauni kwa vipimo vya mtu mwingine?"

"Hata siku moja!"

"Basi miwani nayo ina vipimo. Ukivaa isiyo yako, macho yanajikaza kutwa nzima. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, hata kutapika. Hospitali uliwaambia unavaa miwani ya mtu?"

"Aa. Wao walinipima tumbo, na mimi nikawaza tumbo."

"Kwenda hospitali ulifanya vizuri, maana kichefuchefu kina sababu nyingi. Lakini siku nyingine mweleze daktari yote: kinaanza lini, unafanya nini, unakula nini, unatumia dawa gani. Sasa ivue hii, ukapimwe macho. Kisipoisha, rudi hospitali, usikae nacho."

Fundi Mdogo akaikumbatia miwani. "Niitupe?"

"Nani kasema? Fremu ina kosa gani? Waulize kama watabadilisha vioo."

Kliniki ya macho walimsomesha herufi, kubwa mpaka ndogo. Wakamwekea vioo vyake ndani ya fremu ya mama. Uzi mwekundu aliwakataza wasiuguse.

Siku ya kwanza uzi uliingia kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza tu. Akashona mpaka jioni, na kichefuchefu hakikuja. Siku zikapita, hakikurudi. Habari ya kuuza cherehani ikaisha.

Ndipo alipochukua aproni nyuma ya mlango. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mama, na kila mteja alikuwa akionyeshwa: "Tazama mkono wa mama yangu!" Leo aliitazama mwenyewe. Pindo lilikwenda upogo. Mahali pengine sindano ilikosa kitambaa kabisa.

Kumbe mama alikuwa haoni. Miwani ile ilikuwa haimfai tena hata yeye, wala hakumwambia mtu.

"Mama, kwa nini hukusema?" Machozi yakamdondoka.

Mumewe akaingia, akaliona pindo. "Utalifumua ulinyooshe?"

"Hili? Thubutu!" Akaivaa aproni, akafunga kamba zake. Kisha akamkazia macho. "Na wewe, siku hizi gazeti unalisoma umenyoosha mkono. Kesho kliniki."

"Mimi naona vizuri tu."

"Mama naye angesema hivyo hivyo."

Kesho yake mumewe ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.