Maoni ya Nukta

Siku hiyo fundi wa miwani alikuwa amemsindikiza shangazi yake hospitali, na ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Kila mgonjwa alitakiwa kuchukua namba ya foleni kwenye skrini ya kugusa. Shangazi aliiinamia, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. Kitufe alichokitafuta kilikuwa palepale mbele yake, ila kimeandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu juu ya rangi nyeupe.

“Aliyeandika hivi,” fundi alisema, foleni nzima ikasikia, “ama hana mama, ama anawachukia wazee.”

Mwanamke aliyeegemea nguzo akiandika kwenye daftari aliinua kichwa. Alivaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, penseli kaichomeka kwenye nywele.

“Mama ninaye,” alisema. “Na aliyeandika hivi ni mimi.”

Watu walicheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini yule mwanamke hakuja kugombana. Alieleza kwamba kazi yake ni kusanifu kurasa za mtandao na skrini kama ile, na kwamba akishakabidhi kazi, huenda kusimama pembeni awatazame watu wakihangaika nayo. Alimuuliza shangazi anaona nini na haoni nini, akaandika kila neno. Kabla hawajaagana, fundi alikuwa ameshamweleza jinsi jicho linavyochoka mtu akipita miaka arobaini, na namba yake ya simu ilikuwa daftarini, chini ya neno “kijivu” lililokatwa kwa mistari miwili.

Baada ya wiki mbili simu iliita.

“Nenda ukaione skrini,” alisema msanifu. “Herufi nyeusi, nene, kubwa kama mdomo wako.”

“Naona mdomo wangu umekukaa rohoni.”

“Usijipe cheo, Fundi. Nimempigia mpwa wa shangazi.”

Ndivyo yalivyoanza. Mchana msanifu alikuwa akipita dukani kwa fundi, anakaa juu ya kabati la fremu na kumtazama akinoa lenzi. Alikuwa mtu wa taratibu zake. Saa kumi na moja jioni kompyuta inafungwa, hata mteja alie. Na mara mbili kwa mwezi, asubuhi kabla ya kazi ya mtu yeyote, huandika makala moja fupi kwenye blogu yake, ambayo ilikuwa na umri wa miaka sita. Aliandika kwa nini mistari inahitaji nafasi ya kupumua, fonti gani inamsumbua msomaji kwenye simu ndogo, namna ya kumkatalia mteja mwenye haraka bila kumvunjia heshima.

Fundi aliisoma yote tangu makala ya kwanza, kwa fahari. Siku ya tatu ndipo aliposhuka hadi kwenye maoni ya wasomaji, akamgundua Nukta.

Nukta alikuwepo chini ya karibu kila makala. “Mstari huu ni mrefu mno, jicho linapotea njia likirudi.” “Umeandika kama mtu anayekimbizwa. Pumzika.” Na chini ya makala ya juzijuzi: “Hii imeandikwa na mtu anayetabasamu. Nani huyo?”

Jioni hiyo fundi aliuliza. Msanifu alimjibu bila kusita: Nukta ndiye aliyemfundisha kazi. Ni mwanamume. Si mzee, ana miaka thelathini na sita. Na ndiyo, miaka mitatu iliyopita aliomba kumwoa, akakataliwa, wakabaki marafiki. Alisema yote kama mtu asiye na la kuficha, na uwazi huo ndio uliomchoma fundi kuliko siri.

Tangu hapo akawa anaifungua blogu kabla hajapiga mswaki. Nukta akisifu, chai haishuki. Nukta akikosoa, fundi anasubiri aone kama msanifu atabadilisha, na kila mara anabadilisha. Siku fundi alipopendekeza vichwa vya habari viwe vyekundu, msanifu alimbusu shavuni akacheka. Vichwa vilibaki vyeusi.

Jumatatu moja mchana walikuwa nyumbani kwa msanifu. Mkate ukawa umeisha, akashuka dukani, kompyuta akaiacha wazi mezani. Fundi aliingia kwenye mfumo wa blogu, akalitafuta jina la Nukta. Maoni mia moja na kumi na mawili, pamoja na yote yaliyoning'inia chini yake. Akabonyeza “Futa”. Msanifu aliporudi walikula mkate, wakacheka.

Kesho yake alipigiwa simu.

“Uligusa kompyuta yangu?”

“Hapana, mpenzi. Kwani kuna nini?”

“Nakuuliza tena, Fundi.”

“Nimeshasema hapana. Labda mtandao wenyewe una hitilafu.”

Msanifu akasema polepole, “Mfumo huandika saa. Saa saba na dakika kumi mimi nilikuwa kwenye ngazi nimebeba mkate. Ndani ulikuwa wewe peke yako.” Akakata.

Hakupokea tena simu yake. Fundi naye hakuthubutu tena kuifungua ile blogu. Wiki ilipokatika alikwenda kwa shangazi yake akamweleza yote, akitarajia kuhurumiwa.

“Mwanangu, umefuta maneno ya mtu ukadhani umemfuta mtu,” shangazi alisema. “Nenda ukaungame. Na usiende mikono mitupu.”

Ampelekee nini? Akiwa amekaa dukani, fundi aligundua kwamba wivu ulikuwa umemfanya ayakariri maoni yale. Alinunua daftari, akaanza kuandika maneno ya Nukta, moja baada ya jingine, siku sita mfululizo. Kadiri alivyoandika alianza kumwona mtu yule: mkali, mkweli, mwenye subira. Nukta alimpenda msanifu, hilo halikufichika, lakini hakuna mahali alipomwomba zaidi ya kazi nzuri. Wivu haukumwisha fundi. Ulipungua makali tu, akaona haya.

Ofisi ya msanifu ilikuwa ghorofa ya tatu, kuta zimebandikwa alfabeti za kila umbo. Fundi alibaki amesimama.

“Nilifuta mimi, na nikakudanganya,” alisema. “Haya ndiyo niliyoweza kukumbuka.”

Msanifu alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Hatimaye akasema, “Kila Ijumaa kabla sijafunga kazi nahifadhi nakala ya tovuti nzima. Maoni yalirudi siku ileile.”

“Basi mbona hukuniambia?”

“Kwa sababu kilichoniuma si maoni. Ni ule uongo.” Alifunua kurasa tena. “Umeandika ya Nukta tu. Yangu yako wapi?”

“Yapi?”

“Nilimjibu kila mara, Fundi. Hukuwahi kufungua majibu?”

Hakuwahi. Macho yake yalikuwa kwa Nukta tu. Msanifu akamgeuzia skrini. Chini ya lile swali, “Nani huyo?”, palikuwa na jibu la miezi miwili nyuma: “Ni fundi wa miwani. Ana maneno mengi, na nisipomwona siku moja kazi haiendi. Akiniuliza habari za ndoa nitasema ndiyo. Bado hajauliza.”

Fundi alisoma mara mbili.

“Na sasa nikiuliza?”

“Sasa utangoja. Niliandika hayo kabla hujanidanganya,” msanifu alisema, lakini alimvutia kiti. “Nipe mwezi mmoja. Na katika mwezi huo usome majibu yangu yote, tangu la kwanza.”

Fundi alikaa akaanza palepale.

Siku ya thelathini aliuliza, katikati ya duka, mteja akiwa na fremu usoni. Msanifu alisema ndiyo. Mtu wa kwanza kupewa habari alikuwa Nukta, na aliyempigia simu ni fundi mwenyewe.