Nakala Isiyotoka

Harufu ya maganda ya chungwa ilianza Jumatatu, saa nane mchana, kwenye ghala la maktaba ya taifa, mahali ambapo hata pipi hairuhusiwi kuingia.

Sheria ya nchi ni moja: kila mchapishaji alete nakala mbili za anachochapa, kiwe kitabu cha kemia au hotuba za waziri ambazo waziri mwenyewe hakuzisoma. Moja ni ya wasomaji. Ya pili inapewa namba, na haitoki milele. Full stop. Wenye digrii wamejaa barabarani hawana pa kuegemea. Hotuba zina rafu na feni.

Mwandikishaji wa nakala hizo aliijua harufu ile. Bintiye, aliyefariki akiwa na miaka tisa, alikuwa akila chungwa huku akiandika hadithi kwenye daftari la shule. Baada ya mazishi, mama mtu alifanya kosa la watu wa kazi yake: aligonga daftari muhuri, akalipatia namba, akalipanga kati ya vitabu vya taifa ili mwanawe asipotee.

Jumanne kurasa zilisikika zikifunuliwa. Mlinzi akatania kwamba hatimaye maktaba imepata msomaji. Jumatano akaomba ahamishiwe getini, kwa sababu sauti ya mtoto ilikuwa ikisoma silabi kwa silabi, ikikohoa palepale mtoto yule alipokuwa akikohoa, ikisogea rafu hadi rafu, ikikaribia meza ya mwandikishaji, na taa zikizimika moja moja nyuma yake.

Mkuu wa maktaba, daktari wa falsafa, mtu wa sayansi tupu, alimpitisha mganga mlango wa nyuma. Kwenye kitabu cha wageni akamwandika mtaalamu wa wadudu.

Mganga alinusa, akanong'ona, "Mama, huyu si mwanao. Ni jini. Lilikuwa halina makao, wewe ukalipatia namba."

"Mbona anakohoa kama yeye?"

"Limevaa sauti yake. Futa namba kwa mkono wako, nichome daftari. Litaondoka."

Mama aliuliza kama sauti nayo itaondoka. Mganga akatoa kiberiti.

Basi mama akafungua rejista, akapiga mstari mwekundu, akamkabidhi mganga kifurushi cha karatasi ya kaki. Mganga alikichoma uani kwa dua ndefu, bila kukifungua. Kiliwaka vizuri. Hotuba za waziri zilikuwa kavu tangu zinaandikwa.

Ghalani, mwandikishaji aliketi sakafuni, daftari mapajani.

"Soma, mwanangu," alimwambia mwanawe.

Sauti ikamjia karibu kabisa na sikio: "Leo hutaniacha?"

"Siondoki."

Asubuhi mkoba wake ulikuwa kitini, viatu chini ya meza, vikiwa vimepangwa sawasawa. Yeye hakuwepo. Rejista ilikuwa wazi, na chini ya namba ya mwisho palikuwa na mwandiko wa mtoto, uliopinda:

Mama. Nakala moja. Haitoki.