Koti Lililopigwa Pasi

Upepo wa Agosti wa Dodoma hauna adabu. Siku hiyo, pale soko la Sabasaba, ulikuwa unapeperusha mitumba na kuwatia watu vumbi machoni, ndiyo maana Devota hakuona kwamba mkono wa pili wa koti alilolikamata umeshikwa na mtu mwingine. Alivuta. Koti nalo likavutwa.

"Dada, samahani, nimeliona mimi kwanza," alisema kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama.

"Kuliona si kulishika, kaka yangu. La nini kwako?"

"La kazini. Niko Bunge, kule kuna baridi. Na wewe?"

"Nataka kulichakaza."

"Kuli... nini?"

"Nilipake udongo, nilisugue kwa jiwe, mpaka lifanane na la mjomba wangu Eliakimu anayechunga ng'ombe Chemba. Ni la mchezo wa jukwaani."

Kijana aliliachia kwa mshtuko, akarudi nyuma alipoona vidole vya Devota vimejaa rangi ya kutia nguo. "Chukua tu. Ila usinishike, utanichafua."

"Kha! Mwanaume mzima anaogopa rangi!"

Wakacheka wote, na muuza mitumba akacheka nao. Kabla hawajatoka sokoni walikuwa wameshapeana namba. Kijana aliitwa Ambokile, mtu wa Tukuyu.

Devota alikuwa anasoma sanaa za maonyesho chuoni, kule Chimwaga, lakini mwalimu wake hasa alikuwa Mama Hilda, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, ingawa mama mwenyewe hakujua. Devota alipokuwa shule ya msingi, kikundi cha Mama Hilda kilikuja kucheza kijijini kwao. Alitoka malkia jukwaani, jamani, watoto wakakaa kimya wenyewe. Mchezo ulipokwisha Devota alijipenyeza nyuma ya darasa akagusa pindo la lile vazi. Kumbe limeshonwa kwa gunia la mahindi! Tangu siku ile hakutulia. Na sasa Mama Hilda anakuja Jumamosi kuangalia mchezo wao, akitafuta kijana mmoja wa kufanya naye kazi. Devota alitaka awe yeye.

"Umekula, mama?" Ambokile alikuwa akimpigia simu Devota kila mchana.

"Nazeesha koti."

"Nimeuliza umekula."

"Nitakula likizeeka, baba."

"Mungu wangu, nimempenda mchawi wa nguo!"

Jumatano Ambokile alikwenda kumtembelea, akamkuta kalala kichwa juu ya meza. Koti lilikuwa ndani ya beseni, jekundu kwa udongo, linanuka majani ya chai. Sasa Ambokile kalelewa na mama ambaye akikupenda anakufulia. Akalifua. Akalisuuza mpaka maji yakatakata, akalianika kwenye upepo, likakauka upesi, akalipiga pasi hadi kola. Kisha akakaa kitandani kusubiri ahsante. Nyie, acheni tu!

"Ambo, koti langu liko wapi?" Devota aliuliza alipoamka.

"Si lile pale mlangoni, mpenzi? Limekuwa jipya!"

Devota aliliangalia kama anaangalia maiti. "Wiki nzima nimelizeesha! Wiki nzima!"

"Nilikuona umechoka, Dee, nikasema nikusaidie..."

"Huipendi kazi yangu. Tangu siku ya kwanza unaona uchafu tu. Wewe unataka mwanamke wa kupigwa pasi!" Akamrushia koti kifuani. "Kalivae huko bungeni kwenu. Na usinipigie!"

Asubuhi hasira zilikuwa zimeshuka, akapiga yeye. Simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaenda kazini kwake, mlinzi akamwambia ameomba ruhusa.

"Mwanaume kaondoka na koti, shoga," alisema Priska, aliyekaa naye chumba kimoja. "Vyote mitumba tu. Achana navyo."

"Niache nilie kwanza."

"Unalilia kipi?"

Devota hakujua. Alirudi Sabasaba akanunua koti jingine, akalipaka, akalisugua, akatoka nje, akarudi, akalisugua tena. Udongo uligoma. Kila alipoliangalia aliona koti jipya lililopakwa tope.

Jumamosi Mama Hilda alifika ukumbini mapema, miwani inaning'inia shingoni.

"Shikamoo mama," alisema Devota, ndani ya gauni la njano alilojishonea.

"Marahaba, mwanangu." Mkono wa mama ulikuwa umeshafika kwenye mavazi. Alipapasa moja moja akitabasamu, mpaka alipofika kwenye koti. "Haya mengine mazuri sana. Lakini huyu mzee wa koti hili hajawahi kuchunga hata mbuzi. Limepakwa hili."

Machozi yalimlenga Devota. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, akaingia mchunga ng'ombe, vumbi mpaka kwenye nyusi, koti limemlegea mabegani. Wanafunzi walidhani ni mwigizaji.

"Ambo?"

"Ulisema nisikupigie," alisema, sauti imekauka. "Basi sikupiga. Nilikuwa Chemba kwa mjomba wako Eliakimu. Nimechunga nalo, nimelala nalo, na ndama kazaliwa juu yake. Samahani kwa harufu."

Mama Hilda aliushika mkono wa koti, akaunusa, akakunja kiwiko. "Ahaa. Hapa palibana fimbo. Hapa alifutia jasho." Akamgeukia Devota. "Hii kazi ya nani?"

Angeweza kusema yangu. "Koti nilichagua mimi, mama. Aliyelizeesha ni yeye. Langu mimi ni lile ulilosema limepakwa."

Mama aliuachia mkono wa koti. "Ungenidanganya nisingejua," alisema. "Jumatatu njoo tuanze kazi."

Devota alipiga kelele, akageuka kumkimbilia Ambokile. Ambokile akanyoosha mikono kumzuia.

"Dee, simama hapo hapo! Gauni hilo! Nitakuchafua!"

"Nichafue."

"Ngoja basi. Mjomba aliniuliza nimekwenda kama nani."

"Ukamjibu nini?"

"Mchumba. Nilimdanganya mzee wa watu?"

"Hukumdanganya," alisema Devota, akaingia kifuani pake mzima mzima.

Walipoachana, mgongoni mwa lile gauni la njano palikuwa na viganja viwili vyekundu vya udongo wa Chemba. Alishinda navyo mpaka jioni, na Priska alipotaka kumpangusa alipigwa kibao cha mkono.