Mshono wa Mkono wa Kushoto

Hakuwa na baba wala mjomba wa kumshika mkono mahali pakubwa. Hakuwa na cheti, kwa kuwa ufundi aliuokota kwa jirani, akimshikia taa na kunyamaza. Hakuwa na suti. Shati lake la heshima lilikuwa na matundu ya cheche kama chujio. Na zaidi ya yote hakuwa na ulimi, maana mbele ya mwanamke mzuri kinywa kilimkauka. Alichokuwa nacho ni mkono. Kwa mkono huo kanisa lilimwajiri fundi huyu awafundishe wanawake kuchomelea vyuma, katika banda lililo nyuma ya ukumbi wa kwaya.

Alimwona dukani kabla hajamwona darasani. Duka la vyuma lilikuwa limefurika, na dada mmoja mwenye gauni la kijani na kilemba cha njano alikuwa akibishana na muuzaji aliyemwambia amngoje mumewe aje kuchagua nondo.

"Mume sina," alisema yule dada, "na siku nikimtaka sitamtafuta kwenye nondo."

Fundi alicheka kabla hajajizuia. Yule dada akamgeukia.

"Na wewe, shati limeliwa na panya au ndiyo mtindo?"

"Cheche," alijibu kwa shida.

"Basi nami nazitaka hizo."

Tangu hapo akawa Cheche. Darasani alimwita fundi Mwalimu, kwa adabu iliyojaa kicheko. Kwenye simu alimwita Panya wangu. Alichomelea kwa mkono wa kushoto, na fundi, aliyezoea kulia, alilazimika kusimama upande usio wake ili amwelekeze. Hakulalamika hata kidogo.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza dirisha la chuma, nalo likaguliwe na kamati ya kanisa. Waumini walikuwa wamechanga wakanunua mashine za kuchomelea, lakini hazikutosha wote. Wangepewa waliofanya vizuri zaidi. Cheche aliitaka mashine ile kuliko pete. Jioni ya kuamkia ukaguzi, fundi akiwa peke yake bandani, aliliona dirisha la Cheche. Kona moja ilikuwa imepinda mshono. Ingeweza kumzuia fahali, ila haikupendeza macho. Mapenzi yakamshauri vibaya: akaisaga, akaichomelea upya.

Kesho yake Cheche alipewa mashine kwa vigelegele. Mjane aliyeitwa Mama Pacha, aliyemfuata kwa alama, alirudi nyumbani mikono mitupu. Fundi alimwona Cheche akipitisha kidole kwenye kona ile, kisha tabasamu likamtoka usoni kama taa iliyozimwa. Jioni simu ililia.

"Nani aligusa dirisha langu?"

"Cheche, hongera, mpenzi..."

"Hongera mpe mwenye kazi. Mshono wangu hutoka kulia kwenda kushoto. Ule wa kona umetoka kushoto kwenda kulia. Mkono wako naujua kuliko uso wako, Mwalimu."

Alijitetea kwamba alifanya kwa kumpenda.

"Ningeanguka kwa mkono wangu, ningeinuka kwa mkono wangu. Sasa Mama Pacha anarudi kufulia watu nguo kwa sababu yangu. Huko ndiko kupenda?"

Simu ikakatika, na haikupokelewa tena. Fundi alikwenda hadi kwao, akiwa amelipiga pasi lile shati la matundu. Shangazi yake Cheche ndiye aliyetoka. Alimwambia kwamba binti amejifungia, na kwamba yeye mzee hana ufunguo wa moyo wa mtu.

"Lakini mwanangu," aliongeza taratibu, "kidonda kiko kanisani, nawe unapaka dawa mlangoni kwangu."

Fundi alirudi bandani, akaiandikia kamati barua. Alijua kamati ikisoma barua ile kazi inaweza kwisha, na nani angemwajiri mwalimu asiye na cheti? Hata hivyo aliandika yote, akaomba mashine apewe Mama Pacha. Alikuwa akitia sahihi aliposikia mkokoteni ukikwaruza sakafu. Cheche alikuwa mlangoni na gauni lile la kijani, akiirudisha mashine.

 Fundi alimpa karatasi. Cheche aliisoma, akairudia.

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Utakula nini?"

"Mkono ninao."

Cheche alitazama pembeni. "Sijakusamehe bado. Nitawaomba nirudie mtihani mbele yao. Nikishinda, nitafungua banda langu, na nitahitaji mtu wa kunishikia taa. Anayejua kunyamaza."

"Hiyo kazi niliisomea," alisema fundi.

Cheche alitaka kununa, akashindwa. Alikunja barua, akaitia katika bahasha, akamrudishia. Fundi alilamba gundi kwa ulimi mkavu. Ikagoma, akalamba tena, akabana kwa kidole gumba. Kisha wakavuka ua pamoja bila kushikana, hadi kwenye sanduku la barua za kamati, naye fundi akaitumbukiza.