Bakteria wa Mpapai

"Akuam, hilo sanduku lisifike kwenye ndege."

Ilikuwa sauti ya Dabasso, mkuu wake wa polisi, ikikwaruza kwenye redio.

"Na Daktari Gatwiri?"

"Sanduku kwanza."

Akuam aliongeza kasi. Pikipiki yake ya Yamaha iliacha lami ya Ngaremara, ikaingia vumbini nyuma ya Land Cruiser nyeupe. Humo alikuwamo Muthomi, msaidizi wa Gatwiri katika maabara. Gatwiri mwenyewe alikuwa kando yake, mikono imefungwa kwa waya.

Ndani kabisa ya shina la mpapai, Gatwiri alikuwa amegundua bakteria wanaoishi humo bila kuudhuru mti. Kemikali yao iliua vijidudu vya vidonda vilivyoshinda dawa zote za hospitali. Asubuhi hiyo Muthomi aliifyeka mipapai ya Gatwiri, akaitia moto. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka chupa za bakteria zilizobaki, zile za sandukuni, ziwe zake peke yake duniani.

Ndege ndogo aina ya Cessna ilikuwa tayari kichakani, pangaboi lake likizunguka.

Akuam alichomoa bastola yake ya Glock, akafyatua.

Gurudumu likapasuka. Land Cruiser ikayumba, ikalala ubavu juu ya miiba.

Muthomi alitambaa nje, sanduku la barafu likining'inia begani. Alimvuta Gatwiri kwa nywele, akamwekea bastola shingoni.

"Madam, tupa bunduki ama nammaliza!"

"Usimwachie, dada," Gatwiri alisema. Mdomo ulimvuja damu.

"Nyamaza wewe!"

"Watu wanakatwa miguu kwa kukosa hii dawa. Piga!"

Akuam alimtazama Gatwiri machoni.

Akapiga.

Risasi mbili zililia, karibu pamoja.

Muthomi alianguka chali, paji la uso limepasuka. Gatwiri alianguka juu yake, shingo imetobolewa. Hakutikisika tena.

Mnunuzi alikuwa kasimama mlangoni mwa ndege, mkono bado umenyooshwa kupokea mzigo. Hakuwa na silaha. Akuam aliliona hilo vizuri.

Akampiga goti la kushoto.

Kisha la kulia.

Rubani alizima injini bila kuambiwa, akainua mikono.

Akuam alifungua sanduku. Chupa zote zilikuwa nzima.

"Sanduku?" redio iliuliza.

"Liko salama."

"Na daktari? Nitume ambulensi?"

"Tuma gari yoyote tu."

Alimfungua Gatwiri waya mikononi, akamfunika uso kwa koti lake. Mnunuzi alikuwa akilia, akiomba maji. Akuam alimruka, akalifunga sanduku kwenye pikipiki na kushika njia ya Meru.

Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka.