Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

"Mzee Ojwang, nirudishe Nairobi. Hapa nimeshindwa."

Nyakerario alikuwa kwenye kibanda cha simu nje ya posta ya Kapsoit, mkono wa simu ameushika kwa mikono miwili.

"Si wewe uliniomba?" Ojwang, mkubwa wake wa kazi, alicheka. "Ulisema moshi wa Nairobi unakuumiza kifua. Unataka kusahihishia vitabu vya shule mahali pametulia, karatasi unitumie kwa basi. Pametulia kupita kiasi, ama?"

"Kama kaburini, mzee."

"Basi Jumatatu saa mbili uwe ofisini. Usipofika, kiti nampa mwingine."

Simu ikakatika.

Kapsoit ya mwaka wa tisini na sita ilikuwa mji wa watu kuja kulala tu. Asubuhi wote huenda Kericho, wa ofisi na wa viwanda vya chai, wakabaki kuku, akina mama, na Nyakerario na kalamu yake nyekundu. Msichana wa Kisii, hana hata binamu pale. Aliyemfanya apaone nyumbani ni Kipkurui, fundi wa mitambo kiwandani. Kila jioni aliegesha baiskeli kwake, akanywa vikombe viwili vya chai, akamfundisha salamu za Kipsigis. Akasema Desemba watafunga ndoa.

Halafu, wiki tatu, kimya. Sasa anapita nyuma ya posho mill, asikutane naye. Barua mbili hakujibu. Juzi walikutana uso kwa uso dukani, akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa.

Nyakerario alikuwa anakunja blanketi, machozi yanadondokea humo humo, Mama Chepkosgei, mwenye nyumba, alipoingia na kikapu cha majani ya chai mgongoni.

"Unafunga mizigo bila kuniaga?"

"Kipkurui ameniacha, mama. Na kosa langu silijui. Ningelijua, hata kulia ningelia vizuri."

"Hulijui? Kapsoit yote inajua! Wewe ndiye ulimkataa."

"Mimi?"

"Kwani mama yake hakukuletea maziwa?"

"Aliniletea mursik, yale maziwa yenu ya mgando, kwa kibuyu kizuri cha shanga. Nilikunywa yote, nikakirudisha kesho yake kikiwa safi."

"Safi namna gani?"

"Nilikiosha na maji moto na sabuni ya unga. Ndani kulikuwa na masizi, mama. Nilisugua mpaka kikang'aa."

Mama Chepkosgei aliketi chini, na kikapu chake mgongoni.

"Uuuwi, mtoto wa watu! Masizi ndiyo ladha yenyewe! Kibuyu tunakisafisha kwa kaa la mti wa senetwet, miaka na miaka. Na mama wa kijana hampelekei msichana kibuyu chake hivi hivi. Alikuwa anasema amekukubali. Ulikirudisha na nini ndani?"

"Kitupu."

"Kitupu, na kinanuka sabuni! Si ulimwambia hutaki chao, hata harufu yao umeitoa?"

"Mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Tulidhani unajua unachofanya. Si wewe ni msomi?"

Nyakerario alitoka mbio, mlango akauacha wazi. Mvua ya mchana ilimkuta katikati ya michai. Alianguka, akainuka, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, hakukirudia.

Mama Kipkurui alikuwa barazani anachambua mboga.

"Takwenya, mama."

Salamu aliyofundishwa na Kipkurui haikuitikiwa.

"Umekuja kuosha na vyungu vyangu?"

Nyakerario akapiga magoti pale uani, mvua inamnyeshea. "Mama, sikujua. Kwetu chombo cha mtu hurudishwa kikiwa kisafi, ndiyo heshima."

"Kibuyu kile nilipewa na mama yangu nikiolewa. Maziwa niliyotia tena yalioza. Nilimwaga nikilia."

"Nipige, mama. Lakini usiniambie niende."

Mama hakumpiga, wala hakumwambia aende. Alichambua mboga zake jani moja moja. Mvua ikaisha, magoti yakafa ganzi, na Nyakerario hakuinuka. Ndipo baiskeli ikalia langoni.

"Nyakerario?" Kipkurui alisimama kama aliyeona mzimu. "Si ulinikataa?"

"Na kwa nini hukuniuliza? Wiki tatu, Kipkurui! Nimekonda hivi, nimeomba kurudi kazini Nairobi, na wewe unapita nyuma ya posho mill!"

"Kwetu mtu akishakataa, haulizwi mara ya pili. Ni aibu."

"Kwetu mtu akikataa, anafungua mdomo anasema!"

Mama Kipkurui akageuza uso, mabega yanatetemeka. Nyakerario alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wiki tatu kijana wangu hali ugali, kumbe ni sabuni!"

Kipkurui akamwinua Nyakerario, akampangusa tope usoni kwa mkono wa koti. "Na hiyo kazi?"

"Nitampigia mzee nimwombe aniache hapa. Akikataa, nitachuma chai."

"Na vidole hivyo vya karatasi?" mama akasema. "Kipkurui, mwambie baba yako atafute wazee. Wataenda kwa kina huyu kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari." Kisha akamsukumia Nyakerario ndoo. "Na wewe nifuate. Ng'ombe hakamuliwi kwa machozi. Na kuanzia leo, usipojua kitu, uliza."

Nyakerario akachechemea nyuma yake mpaka zizini, akasimama.

"Basi nauliza, mama. Huyu anapiga teke?"